Mutoto ako na homa: acha kutafuta jina ya ugonjwa, angalia mutoto mwenyewe

Mama moja wa Ndosho, hapa Goma, aliniandikia hivi (nafupisha kidogo): "Munganga, mutoto yangu wa miaka 3 ako na homa tangu siku mbili, anakohoa, mafua inatoka, anakula kidogo sana. Jirani anasema ni malaria, mama-mukwe anasema ni tifoide, na ule wa ku farmasi alinipatia sipro (antibiotiki moja) na parasetamoli. Kadogo yake ka wiki 5 nako kalipata joto usiku, ila kananyonya, huyo hana shida. Mi kitu kinanichokesha ni hii, kila nikienda ku santre ninaacha dola 15 kisha banasema ni mafua tu. Nitajua namna gani, nikiwa ku nyumba, kama ni infeksyo ya kawaida ao ni ya kukimbiza kwa munganga?"

Mama, jambo, na pole kwa hizo usiku mbili. Nitajibu swali yako yote, ila mbele ya yote, kale katoto ka wiki 5 ukapeleke ku hospitali leo. Hapana kesho asubui, leo. Uliandika "huyo hana shida" na pale njo nilistukia, juu mu barua yako yote ni yeye ananiogopesha kupita mukubwa yake. Mutoto mwenye hajafikisha miezi 2 hajui kuonyesha ugonjwa. Hakohoi sana, haonyeshi pa kuuma, analala kidogo zaidi ao analia kidogo zaidi, na wakati ule mikrobi inapita mu damu, inafika ku ubongo, na hiyo inaweza kufanyika mu masaa tu. Njo maana ku ule umri sisi hatungoyake: homa ya 38 ao zaidi, ao mwili kuwa baridi chini ya 35 na nusu, ao kuacha kunyonya sawa kawaida, moja tu ya hayo inatosha. Banaweza kumupima damu, mukojo, ata maji ya mugongo, na mara mingi banamuanzia shindano ya antibiotiki majibu ikiwa bado haijatoka. Usimupe parasetamoli ya kushusha joto mbele ya kuenda, mufunge ku kifua yako ngozi kwa ngozi, uendelee kumunyonyesha ku njia. Ukifika bakamuangalia vizuri na bakasema ako muzima, hiyo franka haikupotea ata kidogo.

Sasa turudie kwa mukubwa yake.

Unaniuliza utajua namna gani ni infeksyo gani. Nikuambie ukweli, ku siku ya pili ya homa ata mi mwenye niko na stetoskope ku shingo na miaka mingi mu hii kazi, mara mingi sijui. Malaria, mafua, nimonia yenye inaanza, masikio, infeksyo ya mukojo, surua mbele bipele bitoke, yote inaanzaka na mwili ya moto, kichwa kuuma na kukataa bugali. Homa ni sawa mbwa mwenye anabweka usiku mu parseli: anakuambia kuko mutu inje, hakuambii kama ni mwizi ao ni jirani anarudia kwake. Jirani yako, mama-mukwe na ule wa farmasi, bote batatu banabishana ni nani ako inje, na hakuna ata moja alifungua mulango aangalie.

Swali yenye mama anaweza kujibu akiwa ku nyumba, na anaijibu vizuri kupita mi mwenye ninamuona mutoto mara ya kwanza, ni ingine kabisa: huyu mutoto anaendelea namna gani? Anakunywa? Anaamuka? Anapumua namna gani? Alikojoa saa ngapi?

Kuko usiku moja niliifunza kwa macho. Nilikuwa ku gardi, mvua inanyesha ile ya kwetu yenye inageuza udongo ya volkano kuwa matope nyeusi, motari akashusha mama moja na koko (nyanya ya mutoto), na mutoto amefungwa mu kitenge. Mama akasema homa iliisha tangu saa kumi, wamekuya tu juu koko anasumbua. Nikaweka termometre, ikatoa 37,4. Ku kitanda ya pembeni kulikuwa mutoto mwingine, yeye alikuwa na 40,1 na mama yake hakuweza kuketi juu ya woga. Sasa angalia: ule wa 40,1 alikuwa amekaa, ameshika mandazi, na alipoona ndugu yake ananyoosha mukono akaificha nyuma ya mugongo. Ule wa 37,4 alikuwa kimya mu kitenge, na koko akaniambia: "Munganga, hii haiko usingizi, nilimuita jina yake hakugeuka." Nikafungua kiganja yake. Ilikuwa nyeupe sawa karatasi. Nikamufinya kidole, hakuvuta mukono. Ilikuwa malaria kali, imekula damu yake yote, tukamupa artesunati na tukamuwekea damu usiku ule ule, siku ya tatu akaomba chai. Ule wa mandazi alikuwa na mafua.

Kwa hiyo termometre ni muzuri, uinunue kama unaweza, ila isikuongoze peke yake. Kwa mutoto wa umri ya kijana yako unafanya hivi: unamupa parasetamoli kufuatana na kilo yake, ni miligrami 10 mpaka 15 kwa kila kilo, tuseme kama ako na kilo 14 ni kati ya 140 na 210 kwa mara moja, unaacha masaa 6 mbele ya kurudilia na haupitishi mara 4 kwa siku. Soma ku chupa ya siro, zinatofautiana nguvu, moja kijiko yake iko na mingi kupita ingine. Umuvue bikoti na blanketi, usimumwangie maji ya baridi, usimupake alkoli. Ungoye saa moja. Mutoto mwenye joto ikishuka kidogo anaanza kuongea, anauliza papa ako wapi, anavuta telefoni yako, huyo anakupa nafasi ya kungoya. Mutoto mwenye joto inashuka na bado analegea, anakuangalia sawa hakuoni, huyo usingoye ata kama termometre inasema 37.

Kisha umuinulie shati. Hii njo kitu ninafundisha kila mama na ninaomba uifanye leo. Ungoye atulie, asiwe analia wala ananyonya, taa iwe muzuri, fungua shati yote, weka telefoni yako ihesabu dakika moja nzima, hapana nusu dakika kisha kuzidisha, na uhesabu tumbo na kifua vinapanda mara ngapi. Mutoto wa mwaka 1 mpaka 5, kama anafika 40 ao zaidi, anapumua mbio mbio, na mutoto mwenye kukohoa akipumua vile tunawaza nimonia, anapashwa kuonekana siku ile ile. Kwa wa miezi 2 mpaka mwaka 1 ni 50. Chini ya miezi 2 ni 60. Alafu angalia pale chini ya mbavu: akivuta pumuzi, ile nyama inaingia ndani sawa mutu anainyonya? Matundu ya pua inafunguka? Anatoa sauti ya kuguna kila akipumua? Hapo hatuulizi tena hesabu, unaita motari.

Kuko alama zingine zenye kila moja peke yake inakutoa ku nyumba, mchana ao usiku, bila kungoya bwana arudie kazini: hawezi kunywa ao kunyonya, anatapika kila kitu ata maji, mwili yote ilistuka-stuka na macho ikageuka (ata kama iliisha yenyewe), anaamuka kwa taabu ao anasema maneno haieleweke, shingo imekuwa ngumu hawezi kupeleka kidevu ku kifua, kiganja na ndani ya midomo bimekuwa nyeupe, macho imekuwa ya manjano, hakukojoa tangu asubui mpaka mangaribi, anahara damu. Na bile bidoa byekundu ao zambarau ku ngozi, ukibiweka glasi tupu ya kunywea juu na kufinya bikabaki pale pale bila kufifia, hiyo na homa ni kukimbia kabisa, inaweza kuwa menenjiti, ugonjwa ya utando wa ubongo. Ku ngozi yetu nyeusi haionekani mbio, angalia ku nyayo, ku kiganja, ku tumbo na ndani ya kope.

Kama hakuna ata moja ya hayo, hauko mu haraka ya kufa. Lakini kuko kipimo moja usikose kwa homa yoyote hapa kwetu.

Malaria. Batu mingi ya Goma banasemaka hapa ni baridi, tuko karibu metre 1.500 juu, mbu si mingi. Mbu iko, na zaidi ya hiyo sisi tunatembea: Masisi, Rutshuru, Walikale, mutoto anaenda kulala kwa shangazi mu vakansi, anarudia na mududu mu damu, na homa inaweza kutokea wiki moja, mbili ao zaidi nyuma ya kuumwa, wakati ulisha kusahau ile safari. Kwa hiyo homa ya kwanza, mu masaa 24, apimwe. Ile TDR ya tone moja ya damu ku kidole inatoa majibu mu dakika 15 ao 20. Ikiwa pozitivu, dawa ya kunywa ya siku 3, na unamaliza yote ata kama siku ya pili ako mu barabara anacheza mupira, na ile ya artemetha na lumefantrine unamupa na kitu ya mafuta kidogo, uji na maziwa, avoka, juu bila mafuta haiingii vizuri mu damu. Ikiwa negativu, tafazali uiamini. Ninaona bazazi mingi banapewa majibu ya negativu kisha banapita ku farmasi kununua dawa ya malaria "juu ya usalama", na kitu yenye iko naumiza mutoto kweli inabaki pale inaendelea. Kitu kingine, kama alitibiwa malaria wiki mbili tatu nyuma, TDR inaweza kuonyesha bado ile mustari na ugonjwa ulisha isha, kwa sababu inaona mabaki ya mududu. Uwaambie, ili baangalie damu ku mikroskope, ile kipimo ya tone nzito (gute epese).

Na shindano ya kwinini ku matako, hapana. Nimetibu batoto benye walienda kwa mutu mu kartie akawapiga ile shindano kwa homa ya siku moja, na leo mutoto anavuta mguu juu sindano ilipiga mushipa ya fahamu yenye inapita pale. Malaria kali iko na dawa yake, artesunati, na inapewa ku hospitali ao ku santre yenye inajua kuendelea nayo. Malaria ya kawaida inatibiwa na dawa ya kunywa, haiko na lazima ya serumu. Najua kwetu mutu akitoka ku santre bila shindano na bila serumu anaona hakutibiwa, ata bibi ya jirani anamuuliza "bakakupa nini?", lakini serumu ni maji na chumvi na sukari, kwa mutoto mwenye anaweza kunywa haiongezi kitu ila bei.

Tifoide sasa, na hapa nitasema kwa nguvu kidogo juu ni kitu inaniuma. Mu muji yetu karibu kila mutu ako na "malaria na tifoide". Unaenda ku labo na kichwa kuuma, banakuvuta damu, banafanya kipimo yenye banaita Widal, inatoka 1/160, basi uko na tifoide, sipro siku 7, mwezi unaofuata tena. Ile Widal inatafuta kumbukumbu ya mwili, haitafuti mikrobi yenyewe. Mutu mwenye aliisha kuigusa zamani, ao ako na ugonjwa ingine kabisa, anaweza kutoka pozitivu. Widal moja peke yake haijaze ndoo. Kipimo ya kweli ni kuotesha mikrobi ya mu damu ku labo kubwa. Tifoide iko, ni mbaya, inaweza ata kutoboa matumbo, ila haifanani na ya kijana yako: inapanda pole pole, leo 38, kesho kutwa 39, inakaa wiki nzima bila kuachilia, na kichwa, tumbo kuuma, kufunga choo ao kuhara, uchovu ya kulala tu. Kukohoa na mafua kutoka ku pua kwa siku mbili haiko tifoide.

Kwa hiyo ile sipro haikuwa na sababu ya kuingia mu mudomo ya mutoto wa miaka 3 mwenye hakuna mutu alimupima. Mi sikuoni wewe makosa, mama, ulienda pa karibu na ulikutana na mutu mwenye blouse nyeupe. Usiendelee kumupa mpaka munganga amuone na aseme iko na kazi gani. Antibiotiki inauaka bakteri, virusi haiisikie kabisa, na kila mara tunaimeza bure tunafundisha bakteri ya mu tumbo yetu kuizoea, kisha siku mutoto anapata infeksyo ya damu ya kweli, tunafungua kabati ya dawa na ile yenye ilikuwa inaponyesha haiponyeshi tena. Hii ninaiona sasa, si ya siku zijazo.

Mafua yenyewe, ile ya kawaida, inafanya hivi: homa siku 2 ao 3, pua inatoka maji kisha inakuwa nzito na ya kijani (rangi ya kijani peke yake haiombi antibiotiki), kikohozi kinaweza kubaki mpaka wiki 3 na mutoto anacheza. Umupe maji mingi, uji, chai, kijiko kidogo ya asali usiku kama alisha pitisha mwaka 1, chini ya hapo hapana asali. Zile siro za kikohozi haziko na faida kwa batoto badogo. Usikubali ile muchanganyo ya komprime tatu ine mu kakaratasi bila jina, mara mingi ndani kuko deksametazone, inashusha homa na kuleta hamu ya kula palepale, mama anafurahi, na infeksyo inakuwa imefichwa tu. Kitu kinaturudisha kwa munganga ni homa ikipita siku 3, ao ikiisha siku mbili kisha ikarudia, ao sikio kuuma na kutoka usaa, ao kupumua kubadilika. Koo kuuma, mara mingi ni virusi, ila kama ni homa kali, koo imevimba na iko na madoa nyeupe, tezi za shingo zinauma na hakuna mafua wala kikohozi, aonekane, juu ile bakteri ya koo ikiachwa inaweza kuharibu moyo ya mutoto miaka inayokuya.

Kuhara ni sura ingine na hapa Goma hatuwezi kuiongea pole pole. Bale benye walikuwa hapa 1994 wanajua vile kolera ilipita mu kambi ya bakimbizi, batu elfu na elfu, mu wiki chache. Haikuondoka kabisa mu hii mikoa ya ziwa, na mu kartie mingi bado tunashota maji mu ziwa na bidoni ya manjano. Kuhara ya kawaida ya mutoto ni virusi, inakaa siku 3 mpaka 7, na kitu inaua haiko ile kuhara, ni maji yenye inatoka mu mwili. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni SRO, ile unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mu mwili, pakiti moja mu litre 1 ya maji salama, na kama hauna pakiti, litre 1 ya maji yenye ulichemusha ikapoa, bijiko 6 bidogo bya sukari bya kusawazisha na nusu kijiko kidogo ya chumvi, usipitishe chumvi. Unamupa kijiko kwa kijiko, akitapika unangoya dakika 10 unaanza tena pole pole. Unaongeza zinki, miligrami 20 kila siku kwa siku 10 (nusu yake kama hajafika miezi 6), unaendelea kumulisha na kumunyonyesha. Umufinye ngozi ya tumbo kidogo na uachilie, ikirudia mahali yake palepale ni vizuri, ikibaki imesimama sawa kitambaa cha kukunjwa, macho imeingia, analia bila machozi, mupeleke.

Na kuhara ya maji meupe meupe sawa maji yenye uliosha muchele, mingi, mara kwa mara, na kutapika, hiyo haitafuti majibu ya labo. Mutu mukubwa anaweza kupoteza karibu litre moja kwa saa, asubui ako muzima, mangaribi hasimami. Unaanza SRO palepale, unaenda ku santre yenye inatibu kolera na chupa mu mukono ukinywa ku njia. Pale ku ziwa penye kuko batu ba kutia kloro mu bidoni, usiwapite juu ya haraka, na ungoye nusu saa mbele ya kunywa.

Bipele na homa: kama mutoto ana kikohozi, macho mekundu, mafua, kisha bipele binaanzia ku uso na nyuma ya masikio binashuka ku mwili, ni surua, anahitaji vitamini A na kuangaliwa mapafu, na usimuketishe mu banki ya kungoya katikati ya batoto bengine, waambie ku mulango. Mpox munaijua sasa, OMS, shirika ya afya ya dunia, iliitangaza kuwa dharura ya dunia mu mwezi wa 8 ya 2024 na chanjo ikaanza hapa Goma mu mwezi wa 10 mwaka ule: homa, tezi kuvimba, kisha bipele byenye kujaa usaa, vinaweza kuwa ku uso, ku viganja, ku nyayo, ku sehemu ya siri. Muite reko (mutu wa afya wa kujitolea) ya kartie yenu, msilale kitanda moja, usitoboe ata kimoja.

Kwa bakubwa nisema kidogo tu juu haukuniuliza. Kukojoa na moto na kila dakika ni infeksyo ya mukojo, inatibika mbio, ila ikiongezeka homa na mugongo kuuma upande moja haiko tena ya kungoya. Mama mwenye ako na mimba na homa, siku ile ile, ata kama anasikia nguvu. Kikohozi ya wiki 2 na zaidi, jasho ya usiku, kukonda, akapime kifua kikuu, dawa yake ni ya bure. Na kidonda: kulikuwa musukuma chukudu moja alikuya kwangu na mguu imevimba na imekuwa ya moto, nikachukua biki nikachora mustari pale wekundu inaishia, nikamuambia kesho ukiona imepita hii mustari usingoye randevu. Saa 3 ya usiku akarudia, ilipita kwa bidole 3. Tulimulaza na mguu yake iko nayo leo. Biki ya franka kidogo, kila nyumba inaweza.

Sasa dola 15. Sitakuambia "afya haina bei", najua ni pesa ya bugali ya siku ngapi. Ila uhesabu pia ya farmasi, ile sipro, ile siro, ile ya wiki yenye ilipita, mara mingi inafika pale pale na hakuna mutu alimugusa mutoto. Ukifika ku santre uliza mbele: TDR ni bei gani, na kama iko ya bure kwa mutoto wa chini ya miaka 5, na hiyo serumu munataka kumuwekea ni juu ya nini wakati anakunywa? Uko na haki ya kuuliza, na infirmie muzuri hatakasirika. Na akikuambia "ni mafua" kisha ameinua shati, amehesabu, ameangalia masikio na koo na amepima malaria, basi amekufanyia kazi ya kweli, ata kama unarudia na mikono mitupu.

Kwa kijana yako, juu unaenda leo na mudogo yake, umupeleke naye, kwa safari moja. Siku ya pili, anakohoa, anakula kidogo, hajapimwa: TDR anaihitaji. Mbele ya kutoka, hesabu pumuzi yake dakika moja na uandike namba mu telefoni. Andika pia alikojoa saa ngapi mara ya mwisho, parasetamoli ya mwisho ulimupa saa ngapi na ngapi, na kama mulisafiri mu mwezi hii. Beba karte ya chanjo ya bote wawili. Na ile sipro usiitupe, uiweke mu mufuko na paketi yake, munganga anapashwa kujua alimeza ngapi.